Likizo Yangu na Gari la Babu

Mwalimu wetu alipotuagiza tuandike habari ya jambo moja tulilojifunza nje ya darasa, wenzangu wengi walichagua safari na harusi. Mimi nitaandika habari ya kutu. Najua wasomaji wengine watacheka, maana kutu ni kitu duni, nacho hakina sifa wala hadithi. Lakini nawaomba mnivumilie mpaka mwisho, kwani katika likizo yangu ya Desemba kutu ilinifunza jambo ambalo sikulipata katika kitabu chochote.

Babu yangu, mzaa baba, anakaa Pangani, karibu na mahali mto unapoingia baharini. Ana gari moja la zamani aina ya Land Rover, refu, lile liitwalo 109 kwa sababu kutoka ekseli ya mbele mpaka ya nyuma ni inchi 109, yaani karibu sentimita 277. Lilitengenezwa mwaka 1974, likatumika kwanza katika shamba la mkonge, na Babu akalinunua mwaka 1986. Kwa gari hilo alichukua nazi kwenda Tanga na machungwa kutoka Muheza, na kwa faida yake baba yangu na ndugu zake walisoma. Tena halikuwa gari la biashara tu. Mtu akiugua usiku kijijini, mlango uliogongwa ulikuwa mlango wa Babu. Katika mvua za El Niño, zilizoanza mwaka 1997 na kuendelea hata 1998, Babu alimchukua mke wa jirani aliyeshikwa na uchungu, gari likateleza katika tope, madigadi ya kulia ikagonga mnazi. Hata hivyo walifika, na mtoto aliyezaliwa usiku ule leo ni mtu mzima.

Lakini upepo wa bahari una chumvi, na chumvi haina huruma kwa chuma. Mwaka juzi Babu alikanyaga breki, kisigino chake kikatoboa sakafu, akaona barabara chini ya mguu wake. Tangu siku hiyo gari liliegeshwa chini ya mwembe, kuku wakatagia mayai ndani yake. Akaja mnunuzi wa vyuma chakavu, akalizunguka mara mbili, akataja bei ya kilo.

Baba hakutaka kumwumiza Babu, wala hakutaka kumwaga fedha. Akasema hivi: "Nitatoa shilingi 700,000. Shemeji akiweza kulitengeneza kwa fedha hizo, vema. Zikizidi hata kidogo, basi gari liende kwenye mizani." Shemeji wake ndiye Mjomba wangu, fundi bodi katika mji wa Tanga. Gari likavutwa mpaka karakana yake, na mimi nikapelekwa pamoja nalo, niwe mkono wa kushika na kuleta.

Siku ya kwanza nilidhani tutaanza kugonga. Mjomba hakushika nyundo hata mara moja. Alinipa sumaku, bisibisi na chaki mbili, nyeupe na nyekundu. "Kwanza tumjue mgonjwa," alisema. Nikaweka sumaku juu ya mlango, ikaanguka. Nikajaribu madigadi, ikaanguka tena. Nikastaajabu, kwani niliamini gari lote ni chuma.

Mjomba akanieleza kwamba Land Rover la kwanza lilionyeshwa Amsterdam mwaka 1948, miaka mitatu tu baada ya Vita Kuu ya Pili. Wakati huo Uingereza chuma kilikuwa adimu, kikigawiwa kwa vibali, lakini aluminiamu ilikuwapo. Kwa hiyo waundaji walifanya bodi kwa aluminiamu iliyochanganywa na magnesi kidogo, na sehemu nyingi wakazifanya bapa ili zikunjwe kwa vyombo rahisi. Chuma walikitumia pale penye kazi nzito. Kwanza ni chesisi, ambayo ndiyo mifupa ya gari. Pili ni ukuta ulio baina ya injini na miguu ya dereva. "Ndiyo sababu watu husema gari hili halioti kutu," alisema. "Husema hivyo kwa kuwa wanatazama ngozi. Sisi tutatazama mifupa."

Pale metali hizo mbili zilipogusana niliona unga mweupe. Nikakumbuka somo letu la Kemia: metali mbili tofauti zikikutana katika maji ya chumvi hufanya kama betri, na ile iliyo nyepesi kutoa umeme wake ndiyo huliwa. Hapa aluminiamu ndiyo iliyoliwa. Nilipokuwa darasani nilikariri mfululizo ule ili nijibu mtihani. Kumbe miaka yote ile mtihani wenyewe ulikuwa ukifanyika katika gari la Babu.

Kazi yangu ilikuwa kupita kila sehemu ya chuma, nikigonga kwa mpini wa bisibisi na kudunga kwa ncha. Palipolia kwa sauti kavu ya uzima, niliweka alama nyeupe. Palipotoa sauti ya mtungi uliopasuka, au ncha ilipozama, niliweka nyekundu. Chini ya miguu ya dereva sumaku ilikataa kushika ingawa ni chuma. Mjomba akakwangua, ikatoka dawa ya kuziba, nene kama ugali, na ndani yake karatasi za gazeti. Fundi fulani wa zamani alikuwa ameziba tundu kwa karatasi, akapaka rangi juu, akapokea ujira wake. Mjomba alitikisa kichwa tu. Mimi nikamlaani fundi yule kwa maneno makali. Nawaomba wasomaji wayakumbuke maneno yangu hayo.

Tukaanza na sakafu. Mjomba alinifundisha kukata kwanza kielezo cha karatasi ngumu ya boksi, kukipima mahali pake, kukipunguza hapa na pale mpaka kikae sawa, na ndipo kukilaza juu ya bamba na kuchora kwa ncha ya chuma. Bamba lilikuwa la milimita 1.2. Nilitaka kuonyesha kwamba mwanafunzi wa sekondari anajua hesabu, nikajumlisha vipimo vya nje vya pande tatu, nikakata kwa mkasi wa bati, na Mjomba akanisaidia kukunja juu ya chuma cha pembe kwa nyundo ya mti. Kipande kikazidi kwa milimita 4, kikakataa kuingia.

"Hesabu yako ni sahihi," alisema Mjomba, "ila umepima karatasi, hukupima bamba. Bamba lina unene. Likikunjwa, upande wa nje hunyooka na wa ndani hubanwa, na kona haichukui urefu wote ulioihesabia." Kwa bamba lile na mkunjo ule, kila kona ilidai tuondoe karibu milimita 2. Kona zilikuwa mbili. Nikakata kipande cha pili, kikaingia kama droo ya kabati. Sijapata kufurahia jibu la hesabu kama nilivyofurahia lile.

Ili kupunguza gharama nilishauri tutumie mabati ya kuezekea yaliyobaki nyumbani. Mjomba akakataa. Bati la paa ni jembamba mno, tena limepakwa zinki, na zinki ikichomwa hutoa moshi unaompa fundi homa na kutetemeka usiku. Tukanunua bamba safi, nami nikaandika bei katika daftari. Kila jioni nilijumlisha, na kila jioni moyo wangu ulipiga kwa nguvu zaidi, maana fedha ya Baba ilikuwa ikiyeyuka.

Kabla ya kuchomelea tulitoa tangi la petroli na kulipeleka mbali, tukatenga betri, tukaweka karibu ndoo za mchanga na magunia yaliyolowa. Mimi nilikatazwa kabisa kutazama mwali bila kioo cheusi, kwani mwali ule huchoma macho, na usiku mtu huhisi kama amemwagiwa mchanga. Mjomba hakuchomelea mstari mmoja kutoka mwanzo mpaka mwisho. Aliweka tone hapa, tone kule, akaruka upande wa pili, akangoja, akarudi. Bamba jembamba likipata moto mwingi mahali pamoja hutanuka, na likipoa hujikunja kama jani kavu. Mwenye haraka hupata kazi mbili.

Baada ya sakafu akanionyesha kunyoosha madigadi ya kushoto. Aluminiamu ikigongwa sana huwa ngumu, kisha hupasuka, hivyo ni lazima ilainishwe kwa moto. Lakini hatari yake ni kwamba haiwi nyekundu kama chuma. Aluminiamu safi huyeyuka katika nyuzi 660 za Selsiasi, nayo humponyoka fundi bila kumwonya kwa rangi. Basi Mjomba aliisugua kwa kipande cha sabuni ya kufulia, akapitisha mwali taratibu. Sabuni ilipogeuka kuwa nyeusi, akauondoa moto mara moja. Ikisha kupoa, akashika chuma kizito kilicholainishwa nyuma ya bonde, akagonga kwa mbele kuanzia ukingoni kwenda katikati, kidogo kidogo, mpaka bonde likapanda. Alipotaka kuhamia madigadi ya kulia, Babu, aliyekuja kutuamkia siku hiyo, akasema, "Hiyo iacheni. Mnazi ule ulituzuia tusiingie mtaroni." Tukaiacha.

Sasa nafika katika sehemu ambayo naiandika kwa aibu.

Siku chache kabla ya Krismasi daftari langu lilisoma shilingi 655,000. Rangi ilikwisha kununuliwa. Mjomba alikuwa amekwenda mazikoni, akaniachia kazi ya kumaliza kukagua chesisi upande wa kushoto nyuma, karibu na kile kishikizo cha chuma kinachoshika springi. Nikaingia chini. Niligonga, sauti ikawa nzima. Nikagonga mbele kidogo, sauti ikafa. Nikadunga kwa bisibisi, nayo ikaingia mpaka mpini, na vipande vya kutu vikanimwagikia usoni kama majani ya chai.

Nilibaki nimelala pale kwa muda mrefu. Nilijua maana yake. Chesisi ya gari hilo ni kama sanduku refu, mabamba manne yaliyounganishwa kwenye pembe. Maji na tope huingia ndani, na kutu hula kutoka ndani kuja nje, hata rangi ya nje ikawa bado inang'aa huku ndani pamekwisha. Kulitengeneza kungehitaji bamba nene, vijiti vya kuchomelea, na siku kadha za kazi. Shilingi 45,000 hazingetosha. Na Baba alikwisha sema neno lake.

Wasomaji wapenzi, sikuficha kwa uvivu. Nilificha kwa mapenzi. Nilimwona Babu ameketi pembeni mwa mizani, akitazama gari lake likipimwa kwa kilo. Nikachukua dawa ya kuziba iliyobaki, nikajaza tundu, nikasawazisha kwa kidole, na ilipokauka nikapaka rangi nyeusi nzito. Kisha nikachukua chaki nyeupe, nikaweka alama ya uzima. Fundi yule wa magazeti niliyemlaani, sasa alikuwa amepata mwanafunzi.

Mjomba aliporudi alipita na taa, akaona alama nyeupe, akasema, "Vema." Neno hilo moja lilinichoma kuliko kiboko. Usiku sikupata usingizi. Kila nilipofumba macho niliona barabara ya Pangani wakati wa masika, gari limejaa watu, mgonjwa amelazwa nyuma, na kishikizo kinang'oka. Nikajiuliza kama nampenda Babu au naipenda furaha yangu ya kumwona amefurahi. Alfajiri nikaenda kumwamsha Mjomba.

"Shikamoo Mjomba."

"Marahaba. Kuna nini mapema hivi?"

Nikamweleza yote. Hakunipiga wala hakupaza sauti. Alichukua taa, akaingia chini, akanipa mtalimbo. "Bonyeza," alisema. Nilibonyeza kwa mkono mmoja tu, na kishikizo cha springi kikatoka pamoja na bamba lake, kikaanguka sakafuni katikati yetu. Tukakitazama. Mjomba akasema, "Mwite baba yako."

Baba alifika saa nne, na Babu alikuja naye. Nikalazimika kusimulia tena mbele yao wote. Baba alinyamaza kimya, kisha akauliza gharama. Mjomba akakisia, pasipo kuhesabu ujira wake, shilingi 180,000. Baba akasema fedha hiyo hana, nami nilijua hasemi uongo, kwani ada za wadogo zangu zilikuwa zikingoja. Nikasikia machozi yananipanda. Niliona kwamba kwa ukweli wangu nimeliua gari.

Babu aliinama kwa shida, akakiokota kile kipande kilichooza, akakigeuza mkononi. "Jana," alisema, "nilikuwa na gari zuri ambalo lingeniua. Leo nina gari bovu, lakini najua ubovu wake uko wapi. La jana ndilo ningeliuza kwa kilo. Hili nitalingojea." Akaniwekea mkono begani, na hakusema neno jingine juu ya jambo lile, siku ile wala baadaye.

Basi gari likawekwa juu ya magogo. Nilirudi shuleni Januari, likabaki vilevile. Nasema hivi ili msidhani kwamba ukweli ulilipwa siku ileile. Miezi mitano Babu alipanda basi kwenda Tanga kuuza nazi zake, tena kwa bei aliyoipata, na kila mara akaweka akiba kidogo kwa Mjomba. Mimi niliuza baiskeli yangu, na sasa naja shuleni kwa miguu.

Likizo ya Juni tukaanza tena. Mjomba alikata kutu mpaka akafikia chuma kinachong'aa, na tundu langu la bisibisi likawa na urefu wa mkono kutoka kiwiko mpaka vidole. "Usichomelee chuma kizima juu ya chuma kilichooza," alisema, "maana kiraka hushikwa na kile kinachokishika." Tulikata mabamba ya milimita 2. Pembe zake tulizifanya za mviringo, kwa sababu ufa hupenda kuanzia kwenye pembe kali. Miungo ya pembeni tuliilaza mshazari, ili uzito usikate mstari mmoja ulionyooka. Ndani tulipaka rangi ya kuzuia kutu na nta, tukazibua matundu madogo ya chini yaliyozibwa na tope ili maji yapate kutoka. Na safari hii Mjomba alinivalisha kinyago cha kioo, akanipa muungo mmoja, wa ndani, ambao hauonekani. Ni mbaya kwa sura, una vinundu kama mgongo wa chura. Akaugonga kwa nyundo kubwa mara nyingi, nao ukashika. Kisha akanipa chaki mbili nichague. Nilipiga nyundo tena mwenyewe kabla sijachukua nyeupe.

Mwisho wa Juni Babu aliendesha gari lake kutoka Tanga mpaka Pangani, polepole, madirisha yakiwa wazi, na madigadi ya kulia ikiwa na bonde lake. Mimi niliketi nyuma, upande wa kushoto, juu ya kile kishikizo. Barabara ilikuwa na mashimo, na kila tulipoingia katika shimo nilisikiliza.

Hapa shuleni tunapata matokeo ya mitihani, na sote tunajua jinsi ya kupaka rangi juu ya somo tusilolielewa: kunakili daftari la mwenzako, kukariri jibu bila kujua sababu, kumwambia mzazi kwamba mambo ni mazuri. Mimi mwenyewe nilikuwa na tundu kama hilo katika somo la Fizikia. Muhula huu nilikwenda kwa mwalimu, nikamwonyesha lilipo. Alinirudisha nyuma mpaka masomo ya Kidato cha Kwanza, nami niliona haya kuketi na wadogo zangu. Bado tunakata. Hatujafika penye chuma kinachong'aa, lakini chaki nyekundu nimeiweka mwenyewe.